Sitara Si Upweke: Kumpokea Ndugu Anayetoka Kwenye Matibabu ya Ulevi

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, somo la toleo hili linahusu jambo ambalo wengi wetu tunalijua majumbani lakini hatulizungumzi msikitini: Mwislamu aliyezama katika pombe, akapata matibabu, kisha akarudi nyumbani. Mihadhara juu ya uharamu wa pombe tumeisikia mingi, na ni haki isemwe. Ila swali la nani atakayempokea mtu huyo siku anaposhuka garini na mfuko wake wa nguo, hilo ni nadra kuulizwa.

Tutalitazama suala hili kwa macho ya mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi: ile barabara inayoshuka kutoka Bujumbura, ikapita Kabezi, Magara na Minago, ikafika Rumonge na kuendelea hadi Nyanza-Lac. Wengi wetu ni watoto wa huko, na likizo ikifika ndiko tunakorudi. Lakini msomaji wa Kigoma, Uvira au Mombasa atauona mtaa wake humu pia.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, inshaallah, msomaji aweze:

1. Kueleza kwa nini kumaliza matibabu ya ulevi ni mwanzo tu wa safari.
2. Kutofautisha kumsitiri ndugu na kumtenga.
3. Kueleza namna msaada wa waliopitia njia hiyo hiyo unavyofanya kazi.
4. Kushiriki katika kuanzisha kikao kidogo cha msaada bila kuvunja mipaka ya sheria wala ya tiba.

1. Kwa nini ni vigumu kuacha pombe mwambaoni

Nchini Burundi pombe si kinywaji tu. Ni njia ya kuonyeshana heshima. Watu wakiposa, wakitoa mahari, wakisuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba au wakimaliza matanga, kinywaji huwa katikati yao. Zamani kilikuwa chungu cha impeke, yaani pombe ya mtama, au urwarwa ya ndizi, na wazee wakikizunguka na mirija yao. Leo mara nyingi ni kreti ya Primus au Amstel. Maana yake imebaki ile ile: anayekataa kunywa huonekana amewakataa watu.

Sisi Waislamu ni wachache nchini. Ni kweli kwamba Rumonge, kama Buyenzi kule Bujumbura, ni mji ambapo Kiswahili na adhana ni sehemu ya maisha ya kila siku. Hata hivyo majirani, wafanyakazi wenzetu na mara nyingine wajomba na mashemeji zetu wanaishi katika desturi hiyo. Na kwa kuwa sisi tunajulikana kuwa hatunywi, yule wetu anayekunywa hujificha maradufu: huwaficha wazazi, na huwaficha waumini. Mtu anayejificha hivyo huchelewa kuomba msaada, na akija kuuomba, maradhi yamekwisha kukomaa.

Kuna pia mwendo wa kazi ya ziwani. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, katika siku za giza. Mbalamwezi ikikua, taa haziwavuti samaki vizuri na mitumbwi mingi hupumzika. Hivyo mvuvi ana nyakati mbili za hatari. Ya kwanza ni asubuhi ya kushusha samaki: amechoka, ana njaa, hajalala, na ana pesa taslimu mkononi, huku kabare zikiwa hatua chache kutoka pwani. Ya pili ni zile siku za mbalamwezi ambazo hana la kufanya. Anayefanya kazi ya mawese naye ana msimu wake wa pesa na msimu wake wa ukata. Asiyeujua mwendo huu hawezi kumsaidia mtu wa Rumonge. Atampa nasaha nzuri kwa saa isiyohitajika.

Tena yapo majeraha. Machafuko ya mwaka 1972 yalianzia katika ukanda huu wa Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata yalizikimbiza familia nyingi hadi Tanzania. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliongeza mengine. Waliorudi walikuta mashamba yao yana watu wengine. Si kila mnywaji ana jeraha, wala jeraha halihalalishi haramu. Lakini anayetaka kumsaidia mtu kuacha pombe ajue kwamba wapo walioanza kunywa ili wapate usingizi, na siku wanapoacha, yale yaliyokuwa yakiwakosesha usingizi huwarudia.

2. Uraibu ni maradhi, na kuacha ghafla kuna hatari yake

Mtu anaweza kunywa na kupata dhambi bila kuwa mraibu. Mraibu ni yule ambaye hamu imemtawala, anashindwa kuzuia kiasi, na anaendelea ilhali anaona afya, ndoa na kazi vinaharibika. Shirika la Afya Duniani linaihesabu hali hiyo kuwa ni maradhi. Kusema hivyo hakuifuti dhambi ya kunywa. Mwenye kisukari aliyekula ovyo ana lawama yake, na bado tunampeleka hospitali.

Hapa kuna jambo ambalo kila mwanafunzi analazimika kulijua, kwa sababu ujinga wake unaweza kuua. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu huitegemea. Ikikatwa ghafla, ndani ya saa 6 hadi 24 mikono huanza kutetemeka, jasho hutoka, moyo huenda mbio na usingizi hupotea. Watu wa pwani huiita hali hii arosto. Kwa baadhi ya watu degedege huja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka, wakaona wadudu au watu wasiokuwepo, na joto la mwili likapanda. Hali hii isipotibiwa inaweza kumaliza uhai.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tusimchukue mlevi wa miaka kumi tukamwapisha msikitini Ijumaa, kisha tukamwacha aende ziwani Jumamosi usiku. Degedege likimpata ndani ya mtumbwi hakuna wa kumwokoa. Hali kadhalika mkesha wa Ramadhani: wengi hukata pombe siku ile kwa heshima ya mwezi, na anayetetemeka siku ya pili ya funga tunasema ni swaumu imemkaba. Tena anayeona vitu visivyokuwepo tunasema kapandwa na jini. Kisomo ni kheri, na hakuna anayekikataza, lakini kiende pamoja na daktari. Kuacha pombe ni wajibu wa leo. Kuachia mikononi mwa mganga wa kweli, kwa dawa zinazozuia degedege na vitamini B1 ambayo miili ya walevi hukosa, ni sehemu ya kuilinda nafsi ambayo sheria imeamuru ilindwe. Na mgonjwa ambaye daktari amemkataza kufunga ana ruhusa iliyotajwa katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185.

Burundi ipo hospitali inayojulikana kwa maradhi ya akili, ile ya Kamenge mjini Bujumbura, inayoendeshwa na Mabruda wa Upendo. Kwa mtu wa Rumonge ni safari ya kilomita zipatazo 75. Matibabu ya hospitali huusafisha mwili na kumpa mtu mazungumzo ya kumfungua macho. Lakini hospitali haimfuati mgonjwa pwani saa kumi na mbili asubuhi. Utafiti wa uraibu kwa jumla umeonyesha kwamba kati ya asilimia 40 na 60 ya waliotibiwa hurudia ndani ya mwaka mmoja, na miezi mitatu ya mwanzo ndiyo migumu zaidi. Kiwango hicho kinakaribiana na cha wagonjwa wa shinikizo la damu au pumu wanaoacha masharti ya tiba wakaumwa tena. Kwa hiyo mwaka wa kwanza ndio unaohitaji watu. Ndipo tunapoingia sisi.

3. Mtume (S.A.W.) na masahaba walimtendeaje mlevi?

Pombe iliharimishwa kwa hatua, kuanzia aya ya 219 ya Suratul Baqara, kisha aya ya 43 ya Suratun Nisaa, hadi katazo la mwisho katika aya ya 90 na 91 za Suratul Maida. Hukumu imekamilika na haina mjadala. Tunachotaka kujifunza hapa ni namna jamii ya Madina ilivyoishi na mtu aliyeshindwa.

Mafundisho ya kwanza yako katika Sahihi Bukhari. Alikuwepo sahaba mmoja, jina lake Abdullah, ambaye alikuwa akimchekesha Mtume (S.A.W.). Sahaba huyo alikuwa akinywa, na aliadhibiwa zaidi ya mara moja. Siku moja alipoletwa tena, mtu mmoja akamlaani kwa kuwa ameletwa mara nyingi. Mtume akamkataza asimlaani, na akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Katika tukio lingine lililopokewa na Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), watu walimwombea mnywaji fedheha, Mtume akawaonya wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Tazama: adhabu ilitekelezwa, na mapenzi hayakukatwa. Abdullah aliendelea kuwa mtu wa kikao kile, anajulikana kwa jina, na mzaha wake una nafasi.

Mafundisho ya pili ni ya Umar bin al-Khattab (R.A.), kama alivyoyasimulia Ibn Kathir katika tafsiri ya mwanzo wa Suratu Ghafir. Kulikuwa na mtu wa Sham aliyezoea kumtembelea Umar, kisha akaacha kuonekana. Umar akamuulizia. Akaambiwa kuwa amezama katika pombe. Umar akamwandikia barua iliyobeba aya ya sura ile inayotaja kuwa Allah ni mwenye kusamehe dhambi na kupokea toba, akawataka waliokuwa pamoja naye wamwombee dua. Yule mtu akaisoma akairudia, akalia, akatubu. Umar akawafundisha wenzake kuwa hivyo ndivyo wafanye wanapomwona ndugu yao ameteleza. Jambo la kulizingatia ni lile la mwanzo: *alimuulizia*. Yeye alikuwa Khalifa wa dola nzima, na alijua kiti cha nani kiko wazi. Je, katika halaqa zetu nani anajua nani hakuja, na kwa nini?

Mafundisho ya tatu ni hadithi mashuhuri iliyoko kwa Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeua nafsi mia moja kisha akataka kutubu. Yule mwanachuoni aliyemwelekeza hakuishia kumwambia kuwa mlango wa toba uko wazi. Alimwambia pia aihame ardhi yake, kwa kuwa ni ardhi mbaya, aende mahali penye watu wanaomwabudu Allah, awaabudu pamoja nao Mola wao. Alijua kuwa toba inahitaji watu wa kukaa nao. Mvuvi wetu wa Rumonge hawezi kuhama. Ziwa ni moja na watoto wake wako pale. Asipoweza kuihama ardhi, basi ni juu yetu kumtengenezea kikao chema ndani ya ardhi ile ile.

4. Swali la fiqhi: je, kujieleza mbele ya wenzako si kuitangaza dhambi?

Ndugu wengi huuliza hili, na ni swali zuri. Katika hadithi iliyoko kwa Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa umma wake wote utasamehewa isipokuwa wanaojidhihirisha, kama yule anayefanya dhambi usiku, Allah akamsitiri, kisha asubuhi akaenda kuisimulia. Je, mtu anayekaa na wenzake akasema kuwa alikuwa mlevi hajaingia humo?

Jibu ni kutazama lengo na kiasi. Mwenye kujidhihirisha anajisifu, au haoni haya. Anayesema nimeshindwa, nisaidieni, huyo anatafuta tiba, kama mgonjwa anavyomfunulia daktari kidonda asichomfunulia mpita njia. Hata hivyo ziko adabu tatu za kulinda sitara:

- Mtu aseme hali yake ya sasa na haja yake. Si lazima asimulie visa vya alivyonywa, na nani, na nini kilifuata. Kumbukumbu tamu za ulevi ni hatari kwa wanaomsikiliza pia.
- Kikao kiwe cha wenye haja, si mhadhara wa wazi. Tusimsimamishe mtu mbele ya msikiti mzima aje atoe ushuhuda ili sisi tupate mawaidha.
- Yanayosemwa kikaoni ni amana. Anayeyatoa nje amefanya khiyana na ghiba kwa pamoja.

Na hapa ndipo penye kiini cha somo. Tumezoea kusema kuwa tumemsitiri fulani, kumbe tumemwepuka. Hatumtaji, hatumtembelei, hatumwalika, na tunajiona tuna adabu. Naye yuko ndani peke yake na kiu yake. Nguo ya kumfunika mtu lazima ishikwe na mtu aliye karibu naye.

5. Nguvu ya aliyepitia

Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, dalali wa hisa kutoka New York aitwaye Bill Wilson alikuwa na miezi mitano tu tangu aache pombe. Biashara iliyompeleka pale ilikuwa imekwama, na hamu ya kunywa ilimrudia. Badala ya kuingia baa, alitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akaelekezwa kwa daktari wa upasuaji, Robert Smith. Mazungumzo yao ndiyo yaliyozaa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho sasa kina vikao katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki. Walichogundua ni hiki: mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kuliko anavyomsikiliza padri, shekhe au mkewe, na yule anayesaidia naye hupata kinga. Mwaka 1989 Waislamu wa Baltimore, Marekani, waliuchukua mfumo huo wakauweka katika misingi ya Kiislamu, wakauita Millati Islami.

Jirani zetu wako mbali zaidi katika jambo hili. Zanzibar, ambako tatizo kubwa ni heroini, kuna nyumba za upataji nafuu zinazoendeshwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa waraibu wenyewe. Wakazi wake wanaamka pamoja, wanaswali pamoja, wanapika, wanafua, na wanakaa kikao kila siku. Mombasa, jumuiya ya Waislamu ya MEWA imekuwa ikiendesha kituo cha matibabu ya uraibu kwa miaka mingi. Dawa inayotumiwa ni tofauti na pombe, lakini mtego wa kurudi mtaani ni ule ule, na Waislamu wale hawakuona aibu kuushughulikia kwa jina lake.

Je, inasaidia kweli? Mwaka 2020 taasisi ya Cochrane ilikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565 kuhusu Alcoholics Anonymous na tiba zinazomwelekeza mgonjwa huko. Baada ya miezi 12, asilimia 42 ya waliopitia njia hiyo kwa mpangilio maalumu walikuwa hawanywi kabisa, dhidi ya asilimia 35 ya waliopewa tiba nyingine zinazokubalika. Tofauti hiyo si muujiza, lakini katika mia moja ni familia saba zaidi zilizolala kwa amani. Na watafiti walipochunguza sababu, waliona sehemu kubwa ya faida inatokana na mtu kubadilisha watu anaokaa nao. Mwanachuoni wa ile hadithi ya mtu wa nafsi mia alikuwa amekwisha kulisema.

Tuwe wakweli hapa: mwanafunzi ambaye hajawahi kunywa si mwenzake mraibu kwa maana hii. Hawezi kumwambia kuwa anajua anavyojisikia. Kazi yake ni mbili: kuwa sahibu wa kawaida, na kuwakutanisha waliopitia ili wao wasaidiane.

6. Namna ya kuanza

Hakuna haja ya jengo wala bajeti. Akron walianza wawili.

*Kwanza, tafuta aliyepitia.* Karibu kila mtaa una mzee au kijana aliyeacha pombe miaka kadhaa na akathibiti. Aendewe kwa siri na kwa heshima, aombwe, asilazimishwe. Huyo ndiye nguzo ya kikao.

*Pili, anzeni kabla hajatoka.* Akiwa bado hospitali, kwa ridhaa yake, mmoja wenu amtembelee au ampigie simu. Siku ya kurudi asipande gari peke yake. Safari ya Bujumbura hadi Rumonge ina vituo vingi na kila kituo kina kinywaji.

*Tatu, pangeni kwa kalenda ya kazi yake.* Kwa mvuvi, mtu amngoje pwani asubuhi ya kushusha samaki, wapate chai na chapati kabla ya jambo lolote. Pesa, akitaka mwenyewe, zipitie kwa mke au kaka anayemwamini. Siku za mbalamwezi ziwe na kazi: kushona nyavu, darasa la Qur'ani, mpira.

*Nne, mfundishane dalili nne.* Hamu ya pombe huja kwa nguvu mtu akiwa na njaa, hasira, upweke au uchovu. Kikao kianze kwa kila mmoja kujibu swali moja: leo ninayo ipi kati ya hizo nne? Swali hilo linaeleweka na asiyejua kusoma, na halimwaibishi mtu.

*Tano, mpeni la kusema harusini.* Fanyeni mazoezi ya namna ya kukataa. Amwambie shemeji kuwa daktari amemkataza, aombe soda mapema aishike mkononi, aende na rafiki, aondoke kabla ya usiku kukolea. Jamaa wasio Waislamu mara nyingi wanaelewa wakielezwa kwa upole. Wao pia wana ndugu walioumizwa na pombe.

*Sita, msimchagulie wa kukaa naye.* Wanaume na wanaume, wanawake na wanawake. Na wanawake wasisahauliwe: mwanamke anayekunywa hujificha zaidi, na akijulikana huadhibiwa zaidi na ndimi za watu. Dada zetu wawe na kikao chao chenye faragha kamili.

*Saba, jueni mipaka.* Sisi si madaktari. Akitetemeka, akipata degedege, akianza kuweweseka au akisema hataki kuishi, apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, na asiachwe peke yake njiani. Dawa alizopewa asizikatishe kwa fatwa ya mtu asiyezijua.

7. Akirudia je?

Wengi watateleza. Siku hiyo ndiyo itakayopima kama kikao ni cha kweli. Kitu cha kwanza anachoambiwa na shetani ni kwamba mambo yameharibika, basi anywe na kesho. Cha pili ni kwamba asiende msikitini.

Hapa kuna hadithi inayotumiwa vibaya. Imepokewa kwa Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah kwamba anayekunywa pombe swala yake haikubaliwi siku arubaini. Wako waliosikia hivyo wakaacha kuswali siku arubaini. Wanazuoni wameeleza kuwa kinachokosekana ni thawabu. Wajibu wa kuswali uko pale pale, na anayeacha swala ameongeza dhambi kubwa juu ya dhambi. Tena hadithi hiyo hiyo inataja kwamba akitubu Allah humpokea toba yake. Basi ndugu aliyeteleza jana, akilevuka akajua anachokisema, aambiwe aje Alfajiri ya leo. Asiulizwe mbele za watu. Apewe nafasi safuni.

Baada ya hapo mketi naye faraghani, mchunguze kama watu wanaochunguza mtumbwi uliovuja: maji yaliingilia wapi? Ilikuwa saa ngapi, alikuwa na nani, ipi kati ya zile dalili nne? Kisha mzibe pale. Na kama alirudia kunywa kwa siku nyingi mfululizo, arudi kwa daktari kabla ya kukata tena.

Hitimisho

Ndugu zangu wanafunzi, likizo inakaribia. Tutarudi Rumonge, Minago na Nyanza-Lac na vyeti vyetu na maneno yetu mazuri. Katika kila mtaa kuna angalau nyumba moja ambayo watu hupita haraka kwa sababu ya mwenye nyumba. Pengine ametibiwa na hana wa kuzungumza naye. Pengine hajui hata kama kuna matibabu. Tumuulizie, kama Umar alivyomuulizia mtu wa Sham. Kisha tumkutanishe na aliyepitia.

Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awathibitishe waliotubu, na atusitiri sote duniani na akhera. Wabillahi tawfiq.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Eleza tofauti kati ya kumsitiri ndugu na kumwepuka. Toa mfano kutoka mtaani kwenu bila kumtaja mtu.
2. Kwa nini ni hatari kumtaka mraibu wa muda mrefu akate pombe ghafla bila daktari? Mtamwelekeza wapi katika eneo lenu?
3. Sahaba Abdullah aliadhibiwa na bado alipendwa. Je, jumuiya yetu ina nafasi kwa mtu kama yeye? Ni mambo gani mawili yabadilike?
4. Andikeni kalenda ya wiki moja ya mvuvi, mchuuzi wa mawese au mwanafunzi aliyetoka kwenye matibabu. Onyesheni saa zake za hatari, na nani atakuwa naye saa hizo.
5. Ni yapi yanayofaa kusemwa katika kikao cha msaada, na yapi yanapaswa kubaki kati ya mja na Mola wake?